Imamu Abul Hasan Al-Ash'ari na Swali la Ndugu Watatu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyokuwa, yaliyopo na yatakayokuwa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Wapenzi wanafunzi na wazazi, nguzo ya sita ya imani ni kuamini qadari, kheri yake na shari yake. Mtoto wa madrasa huihesabu kwa vidole angali mdogo, na wala haimsumbui. Lakini akishakua kidogo huanza kuuliza. Ikiwa Mwenyezi Mungu alikwisha kujua kabla ya kuniumba kwamba nitafanya jambo fulani, je, ninayo njia ya kutolifanya? Na ikiwa sina njia, mbona nitahesabiwa kwalo? Swali hili si utovu wa adabu likiulizwa kwa kutaka kujua. Waliotutangulia wameliuliza, tena walikuwa wakubwa kuliko sisi kwa elimu na kwa ucha Mungu. Leo tutasoma maisha ya mmoja wao, ambaye swali hili lilimtoa katika njia aliyoifuata karibu nusu ya maisha yake. Naye ni Imamu Abul Hasan Al-Ash'ari, Mwenyezi Mungu amrehemu.

BASRA, MJI WA MASWALI

Ili tumfahamu Imamu huyu, kwanza tuujue mji wake. Basra uko kusini mwa Iraq, nao ulijengwa katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (R.A.). Ulikuwa mji wa bandari, wa biashara na wa wanachuoni wa kila fani. Na katika mji huo ndimo mjadala wa qadari ulimoanzia.

Alitokea huko mtu aitwaye Ma'bad Al-Juhani, katika karne ya kwanza ya Hijria. Yeye na wenziwe walisema kwamba hakuna qadari, na kwamba mambo yanazuka tu bila ya Mwenyezi Mungu kuyajua kabla. Watu wawili wa Basra, Yahya bin Ya'mar na Humaid bin Abdurrahman, waliposafiri kwenda Makka walimkuta Sahaba Abdullah bin Umar (R.A.) wakamuuliza habari za watu hao. Bin Umar alijitenga nao, kisha akawasimulia hadithi aliyoipokea kwa baba yake, ya Jibril (A.S.) alipomjia Mtume (S.A.W.) kwa sura ya mtu na kumuuliza juu ya Uislamu, Imani na Ihsani. Hiyo ndiyo hadithi tunayoisomesha sote, na imo mwanzoni mwa kitabu cha Imani katika Sahihi Muslim. Watoto wengi huihifadhi bila ya kujua kwamba Bin Umar aliisimulia kwa sababu ya swali la qadari.

Tukitaka kuwa waadilifu, tuseme pia kwa nini Ma'bad alipata wafuasi. Baadhi ya watawala wa Banu Umayya walikuwa wakidhulumu, kisha wakidai kwamba hayo waliyoyafanya yamekwisha kadiriwa na Mwenyezi Mungu, basi raia wanyamaze. Watu waliochoshwa na udhuru huo wakaenda upande wa pili kabisa, wakaikana qadari yenyewe. Upande mwingine alitokea Jahm bin Safwan, aliyeuawa mwaka 128 Hijria. Yeye alisema mja hana hiari yoyote, na matendo yake ni kama unyoya unaopeperushwa na upepo. Hivyo wapo waliomkana Mola ujuzi wake ili wamwachie mja hiari, na wapo waliomnyima mja hiari ili wamwachie Mola uwezo wake.

Kisha wakaja Mu'tazila. Inasimuliwa kwamba Wasil bin Ataa alijitenga na darasa la Hasan Al-Basri hapo hapo Basra, na kujitenga huko ndiko kulikowapa jina. Mu'tazila hawakukana kwamba Mwenyezi Mungu anajua yatakayokuwa. Walichosema ni kwamba mja ndiye anayeyaumba matendo yake mwenyewe, kwani kama Mwenyezi Mungu ndiye aliyeyaumba isingekuwa uadilifu kumwadhibu mja. Wakaongeza kwamba ni wajibu juu ya Mwenyezi Mungu kumtendea kila mja lile lenye maslahi zaidi kwake. Walikuwa watu wa ibada na wa akili kali. Lakini baadhi yao walipopata nguvu ya dola, kuanzia mwaka 218 Hijria (833) katika ukhalifa wa Al-Ma'mun, wanachuoni wengine walilazimishwa kukubali itikadi ya kwamba Qur'ani imeumbwa. Imamu Ahmad bin Hanbal alifungwa na kupigwa mijeledi kwa kukataa. Mtihani huo uliondolewa baadaye na Khalifa Al-Mutawakkil.

KUZALIWA NA MALEZI YAKE

Abul Hasan Ali bin Ismail Al-Ash'ari alizaliwa Basra mwaka 260 Hijria, sawa na 873 au 874 Miladia. Miaka mitatu tu kabla ya hapo mji huo ulikuwa umetekwa na kuchomwa katika vita vya Zanj, uasi wa watumwa waliokuwa wakifanyishwa kazi ngumu za kuondoa chumvi mashambani. Zanj ni jina ambalo Waarabu waliwaitia watu wa pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Basi alizaliwa katika mji uliokuwa ukijiuguza majeraha yake.

Nasaba yake inafika kwa Sahaba mtukufu Abu Musa Al-Ash'ari (R.A.), aliyetoka Yemen, aliyesifika kwa sauti nzuri ya kusoma Qur'ani, na aliyekuwa gavana wa Basra. Baba yake, Ismail, alikuwa mtu wa hadithi. Alipokaribia kufa alimuusia mwanawe kwa Zakariyya As-Saji, mwanachuoni wa hadithi na fiqhi ya Shafi'i. Kwa hiyo mtoto alipata msingi wa hadithi mapema.

Lakini maisha yakachukua mkondo mwingine. Waandishi wa historia wanasema kwamba mama yake aliolewa na Abu Ali Al-Jubba'i, aliyekuwa kiongozi wa Mu'tazila wa Basra. Hivyo mwalimu wake akawa ndiye baba yake wa kambo. Akasoma kwake miaka mingi mpaka akawa mwanafunzi wake hodari kuliko wote. Inasimuliwa kwamba Al-Jubba'i alikuwa na kalamu nzuri lakini si mwepesi wa kujadiliana mbele ya watu, na mara nyingi alikuwa akimtuma Abul Hasan kusimama mahali pake. Aliandika vitabu kuitetea njia hiyo, na watu walimtarajia kwamba yeye ndiye atakayerithi kiti cha mwalimu wake.

SWALI LA NDUGU WATATU

Hapa ndipo tunapofikia kisa kinachosimuliwa zaidi katika maisha yake. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama mjadala huu ndio hasa uliomfanya aondoke, lakini umenakiliwa katika vitabu vingi na unaonyesha wazi kilichokuwa kikimsumbua.

Abul Hasan alimuuliza mwalimu wake juu ya ndugu watatu. Mmoja alikufa akiwa mtu mzima, muumini mtiifu. Wa pili alikufa akiwa mtu mzima, kafiri. Wa tatu alikufa angali mtoto mdogo. Je, hali zao huko Akhera zikoje?

Al-Jubba'i akajibu kwamba muumini atakuwa katika daraja za juu Peponi, kafiri atakuwa Motoni, na mtoto atakuwa miongoni mwa waliosalimika, haadhibiwi wala hana daraja za juu.

Abul Hasan akauliza: itakuwaje yule mtoto akitamani kupanda kwenye daraja za kaka yake? Mwalimu akasema ataambiwa kwamba kaka yake alizipata kwa utiifu wake, naye hana utiifu huo. Abul Hasan akasema kwamba mtoto anaweza kujibu kuwa kosa si lake, kwani hakupewa umri wa kutii. Mwalimu akasema Mwenyezi Mungu atamwambia kwamba alijua kuwa lau angeishi angeasi na kustahiki adhabu, basi akamfisha mapema kwa maslahi yake.

Hapo mwanafunzi akaleta swali la mwisho. Je, yule ndugu aliyeko Motoni akinadi na kusema kwamba Mola wake aliijua hali yake pia kama alivyoijua hali ya mdogo wake, basi mbona maslahi ya mdogo yaliangaliwa na yake yeye hayakuangaliwa? Mbona naye hakufishwa mdogo?

Inasemekana Al-Jubba'i alinyamaza, asipate la kujibu.

Ndugu msomaji, usilipite swali hili haraka haraka. Abul Hasan hakuwa anamlaumu Mwenyezi Mungu, Mungu atuepushe. Alikuwa anaivunja kanuni ya mwalimu wake. Kanuni ile inasema kwamba sisi kwa akili zetu tunaweza kumpangia Mwenyezi Mungu yaliyo wajibu juu yake, kisha tukaeleza kila kifo na kila uhai kwa kanuni hiyo. Swali likaonyesha kwamba ukianza kumfanyia Mola hesabu ya namna hiyo, hesabu haifungi. Ukiifunga kwa mtoto, inafunguka kwa kaka yake.

Pengine mwanafunzi mwerevu atauliza juu ya kisa cha Khidhr na Nabii Musa (A.S.) katika Suratul Kahf. Je, yule kijana hakuuawa kwa kuchelea kwamba angewatia wazazi wake katika uasi na ukafiri? Ni kweli. Lakini Khidhr alikuwa na elimu aliyopewa na Mwenyezi Mungu juu ya kijana yule mmoja. Hakuna kati yetu aliyepewa elimu hiyo juu ya mtoto mwingine yeyote. Na kisa chenyewe kimewekwa kutuonyesha kwamba hata Nabii hakuweza kuijua hekima kwa kutazama tu kwa macho, seuze sisi.

JUU YA MIMBARI

Alipofika umri wa miaka 40 hivi, yaani kwenye mwaka 300 Hijria (912 au 913), Abul Hasan alitoweka. Imepokewa kwamba alijifungia nyumbani kwake siku 15 hakuonekana na watu. Imepokewa pia kwamba katika mwezi wa Ramadhani alimuota Mtume (S.A.W.) zaidi ya mara moja, akimuamrisha kuinusuru njia iliyopokewa kutoka kwake.

Kisha siku ya Ijumaa akatoka, akaenda msikiti wa jamaa wa Basra na kupanda juu ya mimbari. Akawaambia watu kwamba anayemjua anamjua, na asiyemjua basi yeye ni fulani mwana wa fulani. Akasema kwamba alikuwa akisema Qur'ani imeumbwa na kwamba waja ndio wanaofanya maovu yao kwa uwezo wao wenyewe, na kwamba sasa ametubia kwa Mola wake na ameiacha njia hiyo. Yako mapokezi yasemayo kwamba alivua joho alilokuwa amevaa, kuonyesha kuwa amezivua itikadi zake za zamani kama alivyolivua vazi hilo.

Fikirini uzito wa siku ile. Mtu wa miaka 40, anayejulikana mji mzima, mwenye wanafunzi na vitabu, anasimama mbele ya watu wale wale aliowafundisha na kuwaambia kwamba yale siyo. Aliyekuwa akimwacha alikuwa mwalimu wake na mume wa mama yake. Baadaye aliandika kitabu cha kukijibu kitabu chake mwenyewe alichokuwa amekitunga kuwatetea Mu'tazila. Wachache sana huweza kufanya hivyo.

MWENYE KUTETEMEKA NA MWENYE KUTEMBEA

Basi alifundisha nini juu ya qadari? Tutajaribu kueleza kwa lugha nyepesi.

Kwanza, alithibitisha kwamba Mwenyezi Mungu anajua kila kitu tangu milele, na kwamba hakiwi kitu katika ufalme wake ila kwa matakwa yake. Matendo ya waja nayo ni miongoni mwa vitu, basi Muumba wake ni Mwenyezi Mungu. Katika Suratus Saffat, aya ya 96, Qur'ani inataja kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliyewaumba watu na wanayoyafanya.

Pili, alikataa kauli ya Jahm kwamba mja ni kama unyoya. Alitoa mfano ambao kila mtu anaujua katika nafsi yake. Mtu mwenye homa mkono wake hutetemeka. Mtu mzima mwenye afya huinuka akaenda na akarudi. Vyote viwili ni harakati na vyote vimeumbwa na Mwenyezi Mungu. Lakini mtu mwenyewe anajua kwa yakini tofauti iliyopo baina ya hizo mbili. Ya kwanza imemjia bila ya kutaka na hawezi kuizuia. Ya pili ameikusudia. Hiyo ya pili ndiyo Imamu aliyoiita kasb, yaani chumo. Mwenyezi Mungu anaumba tendo, na mja analichuma kwa uwezo ambao Mwenyezi Mungu ameuumba ndani yake wakati huo. Neno hili limetoka katika Qur'ani yenyewe, mwishoni mwa Suratul Baqara, pale inapotajwa kwamba nafsi itapata faida ya iliyoyachuma na itabeba hasara ya iliyoyachuma. Wafasiri wetu wa Kiswahili nao hapo wametumia kitenzi hicho hicho cha kuchuma. Hatuhesabiwi kwa mtetemeko wa homa. Tunahesabiwa kwa chumo.

Tatu, wanachuoni waliokuja baada yake wakaeleza zaidi kwamba kujua si kulazimisha. Ujuzi unakidhihirisha kitu kama kilivyo. Tazama kalenda ya nyakati za sala iliyobandikwa ukutani msikitini. Inakuambia jua litachomoza saa ngapi siku ya Ijumaa ya mwezi ujao, na jua litachomoza saa hiyo hiyo. Je, ni karatasi ile iliyolichomoza jua? Hasha. Mfano huu una upungufu wake, kwa sababu karatasi haikuumba kitu, na Mwenyezi Mungu ndiye Muumba wa jua na wa macho yanayolitazama. Hana mfano wake yeyote. Lakini unatosha kuondoa lile kosa la kudhani kwamba aliyejua ndiye aliyekushika mkono. Mwenyezi Mungu amejua kwamba wewe utachagua kwa hiari yako, na hiari hiyo nayo imo katika ujuzi wake. Wewe hukupata kuona kilichoandikwa kabla ya kutenda. Ulitenda kwa sababu ulitaka.

Suratut Takwir, katika aya zake mbili za mwisho, imezikusanya pande zote. Imemthibitishia mja kwamba anataka, kwa kuwa inataja mwenye kutaka kwenda sawa. Kisha ikathibitisha kwamba kutaka kwake hakutoki nje ya matakwa ya Mola wa walimwengu. Imamu alizishika zote mbili kwa mikono miwili, hakuachia mojawapo ili aipunguzie akili yake uzito.

BAGHDAD, VITABU NA MAUTI

Baadaye alihamia Baghdad, mji mkuu wa makhalifa. Siku za Ijumaa alikuwa akihudhuria darasa la Abu Ishaq Al-Marwazi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi'i. Yeye aliyekuwa mwalimu wa wengi hakuona haya kukaa darasani akasikiliza.

Maisha yake yalikuwa mepesi. Imepokewa kwamba alikuwa akila mapato ya shamba lililowekwa wakfu na babu yake, Bilal bin Abi Burda, na kwamba matumizi yake ya mwaka mzima yalikuwa dirhamu 17 tu.

Aliandika vitabu vingi, na vilivyotufikia ni vichache. Miongoni mwake ni Al-Luma', Al-Ibana na Maqalatul Islamiyyin. Hiki cha mwisho kinaeleza kauli za makundi mbalimbali ya Waislamu. Wasomi wamekisifu kwa sababu anaeleza kauli ya mtu hata asiyekubaliana naye bila ya kuipotosha. Jina lake kamili linataja tofauti za wanaosali. Yaani aliwaona wanatofautiana, lakini akawahesabu wote kuwa ni watu wa sala.

Hakupendwa na kila mtu. Mu'tazila walimwona kuwa amewasaliti. Na baadhi ya Hanbali wa Baghdad walibaki na shaka naye, kwa sababu alitumia hoja za akili kuitetea Sunna, nao waliona Sunna haihitaji silaha hiyo. Alivumilia pande zote mbili.

Alifariki Baghdad mwaka 324 Hijria (935 au 936). Mwanafunzi wake, Zahir bin Ahmad As-Sarakhsi, amesimulia kwamba ajali yake ilipokaribia alimwita na kumshuhudisha kwamba hamkufurishi yeyote katika watu wa kibla, kwa kuwa wote wanamuelekea Mwabudiwa mmoja na wanatofautiana katika maneno tu. Mtu aliyetumia umri wake katika mijadala, huo ndio wasia alioondoka nao.

URITHI WAKE MPAKA KWETU

Mafunzo yake yaliendelezwa na Imamu Al-Baqillani, kisha Imamul Haramain Al-Juwaini, kisha mwanafunzi wake Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), na Imamu Fakhruddin Ar-Razi. Ibn Asakir wa Damascus, aliyefariki mwaka 571 Hijria (1176), aliandika kitabu kizima kumtetea, na habari nyingi za maisha yake zimetufikia humo. Katika zama zake hizo hizo, huko Samarqand, Imamu Abu Mansur Al-Maturidi aliitetea Sunna kwa njia iliyo karibu na yake, na ndiye anayefuatwa na Hanafi wengi.

Kwetu pwani, ambako wengi wa Sunni wanafuata madhehebu ya Shafi'i, mafunzo haya yalifika pamoja na fiqhi. Mtoto anayehifadhi Aqidatul Awam na kuhesabu sifa 20 za Mwenyezi Mungu, zikiwemo elimu na irada, anakalia mkeka uliotandikwa na Al-Ash'ari na wanafunzi wake, hata kama hajapata kulisikia jina lake. Ndugu zetu Ibadhi wa Oman na Zanzibar nao, pamoja na tofauti zilizopo katika mambo mengine, wanakubali kwamba Mwenyezi Mungu ndiye Muumba wa matendo na mja ndiye mwenye kuyachuma. Na wapo Waislamu wenye kuikosoa njia ya Ash'ari katika masuala ya sifa. Wote hao ni watu wa kibla, na wasia wa Imamu unawahusu.

MAZINGATIO

Kwanza: Qadari si udhuru wa maasi wala wa uvivu. Katika Suratul An'am, aya ya 148, washirikina wametajwa wakitoa hoja kwamba lau Mwenyezi Mungu angetaka wasingeshirikisha, na hoja yao ikakataliwa, wakaulizwa kama wana elimu yoyote juu ya hilo. Mwanafunzi aliyecheza mwaka mzima asiseme kufeli kumeandikwa. Dereva aliyekimbiza gari lenye abiria na breki mbovu asijifiche nyuma ya msemo wa ajali haina kinga. Mtetemeko wa homa hauna kinga. Mguu ulioukanyaga mwendo ni chumo, nao una mwenyewe.

Pili: Kuchukua sababu ni katika qadari. Mwaka wa 18 Hijria (639) ulizuka ugonjwa wa tauni huko Sham. Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa njiani kwenda huko, na alipofika Sargh akapata habari akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba anaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu kuelekea qadari ya Mwenyezi Mungu. Akampigia mfano wa mchunga ngamia kwenye bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapolisha, amelisha kwa qadari. Kisha Abdurrahman bin Auf (R.A.) akaleta hadithi ya Mtume (S.A.W.) iliyoafiki uamuzi huo. Basi mzazi anayempeleka mtoto hospitali haipingi qadari. Anaitii amri ya Mola wake ndani ya qadari hiyo hiyo.

Tatu: Tusimsemee Mwenyezi Mungu tusiyoyajua, hasa mbele ya wenye msiba. Katika mazishi ya watoto hukosi kumsikia mtu akimwambia mama aliyefiwa kwamba pengine mtoto angekua muovu, ndiyo maana akachukuliwa. Anayesema hivyo huwa na nia ya kuliwaza, lakini anarudia jawabu la Al-Jubba'i, na mama yule anabaki na jeraha la pili juu ya la kwanza. Mtume (S.A.W.) alifiwa na mwanawe Ibrahim mwaka wa 10 Hijria (632), angali mchanga. Alitokwa na machozi, akasema kwamba moyo unahuzunika na hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Siku hiyo jua likapatwa, na watu wakasema limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Akawakataza, akawafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Tazama: alikuwa na fursa ya kukubali maelezo yanayomtukuza mwanawe, akayakataa. Aliyefiwa tumpe lile tulilonalo kwa uhakika, nalo ni ahadi iliyothibiti katika hadithi sahihi kwamba mzazi aliyefiwa na watoto wasiofikia baleghe ataingizwa Peponi kwa rehema ya Mwenyezi Mungu kwao. Tumpe na chakula, tukae naye, tunyamaze.

Nne: Mwanafunzi anaweza kumuuliza mwalimu wake, na adabu ibaki. Abul Hasan aliuliza swali gumu kuliko yote, na hatukupokea kwamba alimtukana mwalimu wake.

Tano: Elimu ya qadari hukamilika kwa kutenda. Sayyidna Ali (R.A.) amepokea kwamba siku moja walikuwa na Mtume (S.A.W.) mazikoni katika makaburi ya Baqii. Mtume alikaa akichorachora ardhi kwa kijiti, akawaambia kwamba kila mmoja mahali pake pamekwisha andikwa, Peponi au Motoni. Wakamuuliza kama hawawezi kutegemea hilo na kuacha kutenda. Akawaamrisha watende, kwani kila mmoja atafanyiwa wepesi katika lile aliloumbiwa. Hakuwapa Masahaba zake nakala ya kilichoandikwa. Aliwapa kazi, nao wakainuka kutoka makaburini wakaenda kuifanya.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Abul Hasan na mwalimu wake, atusamehe sisi na wazazi wetu, na atujaalie tuwe wenye kuchuma kheri. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.